Shimo la Raya

Niseme, nisiseme?

— Sema!

Mpo, hampo?

— Tupo!

Basi kaeni vizuri, na wewe unayetafuna muwa utafune polepole, nataka kusikia sauti yangu mwenyewe. Haya ninayoyasema yalikuwa kabla ya bibi yangu, na kabla ya bibi wa bibi yangu, enzi ambayo vyombo vya baharini havikujua msumari. Msicheke! Msumari haukuwako. Ubao ulishonwa na ubao, kama mama anavyoshona kanzu, kwa kamba ya makumbi ya nazi. Tanga lilikuwa mkeka. Chombo hicho kiliitwa mtepe, na kilienda hivyo hivyo, kimeshonwa, kinalia kwii, kwii, kwii kila wimbi likipita.

— Kwii, kwii, kwii!

Ndivyo hasa.

Sasa, watu wa kisiwa cha Shungi walikuwa na desturi yao. Mtepe hauondoki bila mwanamke mmoja ndani yake, mtunza mishono. Kazi yake kujua kila mshono ulipo, kama wewe unavyojua meno yako kwa ulimi. Mtunza mishono wa mtepe huu aliitwa Mwanatumu, msichana mwembamba, mwenye wasiwasi, asiyelala kama kitu hakijakaa mahali pake. Kila asubuhi alishuka tumboni mwa chombo, akapitisha kidole mshono kwa mshono, akahesabu. Akimaliza, akahesabu tena.

Mabaharia walimtania. "Mwanatumu, jana ilikuwa mingapi?"

"Elfu moja mia mbili na sita."

"Na leo?"

"Elfu moja mia mbili na sita."

"Afadhali. Nilidhani imezaa."

Hakuwajali. Akahesabu, akahesabu tena.

Siku moja mtepe unaingia mji wa Mafumbini kuchukua mtama, mkuku wake, yaani ule uti wa chini, ukapita juu ya mwamba. Krrrr! Mwamba ukaikata mishono kama kisu kinavyokata ukindu. Maji yakaingia. Watu wakaruka, wakavuta, wakasukuma, hadi mtepe ukalala ubavu ufukoni kama ng'ombe mgonjwa.

Mwanatumu akashuka, akahesabu. Mishono mia nne na kumi imekatika. Akahesabu tena. Mia nne na kumi. Kuishona upya zilitakiwa pima mia sita za kamba, kila pima ni urefu wa mikono miwili iliyotandazwa, na ndani ya chombo mlikuwa na pima ishirini tu.

Nahodha alikuwa ami yake, mdogo wa baba yake, Shekuwe, mtu mwenye sauti kubwa na subira ndogo. "Kamba nimekwisha kuiulizia," akasema. "Hapa kamba haitoki. Kila mwanamke ana shimo lake la makumbi pwani, na kila shimo lina chombo chake. Kamba ya shimo haiendi chombo kingine. Ndivyo walivyo."

"Basi tufukie makumbi yetu, ami."

"Makumbi yanakaa matopeni miezi sita ndipo yalainike, Mwanatumu! Chombo kikikaa juu muda huo mbao zinaanza kupinda. Sikiliza. Mwezi wa saba ukiisha na mtepe huu haujaelea, nashika shoka. Mbao tutawaachia wenye mji, sisi turudi kwa chombo cha watu."

Mnaelewa alichosema? Shungi ilikuwa na mtepe mmoja. Mmoja! Miti ya kutoa mbao kama zile ilikuwa imekwisha kisiwani tangu ujana wa baba yake Mwanatumu. Muhogo na samaki wangewatosha watu mwaka huo, lakini kisiwa kisicho na chombo hakina mtama wala njia, na watu wake huanza kuhama, nyumba moja, nyumba mbili, mpaka kinabaki cha kunguru.

Mwanatumu akahesabu kwa vidole. Saba, utoe sita. Mwezi mmoja wa kuponda, kusokota na kushona.

"Inatosha, ami."

"Inamtosha nani?"

"Anayeanza leo."

Akaanza siku ile ile. Akaenda nyumba kwa nyumba. Hodi! Hodi! Hodi! Kila alipopiga hodi aliomba makumbi, na kila alipoomba alichekwa, maana Mafumbini makumbi yasiyofukiwa ndiyo kuni za kupikia. Mlango wa nne ukafunguliwa na mwanamke mmoja kijana, mdomo mwepesi, kitambaa kimekaa upande, jina lake Zuena.

"Makumbi? Unataka kuyala?"

"Nataka kuyafukia."

"Hee! Wewe ndiye yule mwana wa mtepe uliolala! Haya, mimi kuteka maji nakuchukia kama ugonjwa. Mitungi miwili ya maji kwa kila pakacha la makumbi."

"Pakacha lina makumbi mangapi?"

"Pakacha ni pakacha, mama! Nani anahesabu makumbi?"

Mwanatumu akayamwaga uani, akayahesabu. Zuena akacheka hadi akashika mlango. Lakini kesho yake akawaambia majirani, na majirani nao walikuwa wavivu wa kisima kama yeye. Kwa siku nane Mwanatumu alibeba maji ya mtaa mzima, akapata makumbi mia tatu, na shingo ikamkakamaa.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo alipokosea.

Maji yalipokupwa akashuka pwani. Akayakuta mashimo ya wanawake yamepangwa safu, kila moja lina duara la mawe juu yake. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi na saba. Na kati ya la tisa na la kumi pana uwazi. Kwao Shungi, wanawake huacha uwazi mmoja kwenye safu kwa ajili ya mgeni. Mgeni akifika, hapo ndipo pake. Mwanatumu akafurahi. Akasema moyoni, kumbe hawa watu ni kama sisi, mdomo hausemi lakini nafasi wameacha. Akaupima uwazi kwa shubiri, akaupima tena. Kila kitu alikipima. Jambo moja tu hakulifanya. Hakuuliza.

Akachimba mpaka jembe likagonga mawe. Akadhani amefika kwenye mwamba. Akapanga makumbi yake, akayafunika kwa tope, akaweka mawe juu, akarudi anaimba.

Asubuhi akaenda kisimani. "Hamjambo, jamani?" Wanawake wakainua mitungi, wakaondoka. Akapita kwa Zuena, na Zuena akamvuta ndani kwa mkono.

"Umefanya nini, wewe! Lile si shimo la mtu yeyote, lile ni la Raya! Binti Bi Mize. Alikufa kwa homa mwaka juzi. Hapa mwanamke akifa shimo lake halishikwi na mkono mwingine mpaka mama yake aseme. Na Bi Mize hajasema."

Mwanatumu akatoka mlangoni. Kisha, na hili mliweke akilini, hakwenda kujificha kwenye mtepe. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Bi Mize. Akamkuta mama mrefu, mkavu, anasuka mkeka barazani.

"Shikamoo, mama."

Bi Mize akasuka.

"Mama, mimi ndiye niliyechimba. Sikujua. Nakwenda kuyatoa sasa hivi."

"Huyatoi." Bi Mize hakuinua uso. "Makumbi yakishafunikwa hayafunuliwi kabla ya miezi sita, hata na mwenyewe. Ndivyo tulivyo. Umeingia, utakaa. Na mimi kila nikishuka pwani nitakuona."

Wewe ungefanyaje?

— Ningekimbia!

Ungekimbilia wapi, na chombo kimelala? Na wewe?

— Ningelia!

Alilia. Alilia njia nzima, halafu akanawa uso akaenda kubeba maji, kwa sababu mitungi sita ya watu ilikuwa bado.

Akaendelea hivyo. Mwezi wa kwanza anasalimia, hakuna anayeitika. Anasalimia tena. Mwezi wa pili aliitika bibi mmoja asiyeona vizuri, alidhani ni mtu mwingine, na Mwanatumu akafurahi vile vile. Zuena yeye hakuacha kumtembelea. Alikuja kwenye mtepe na kibaba cha mchele na maneno kibao.

"Shoga, leo wamekuitikia wangapi?"

"Wanne."

"Jana?"

"Watatu na nusu. Mmoja alikohoa."

Hata mabaharia wakapata marafiki mjini, wakawa wanacheza bao na wavuvi. Nahodha Shekuwe peke yake alikaa kivulini ananoa shoka, taratibu, kama mtu anayemsema mtu.

Mwezi wa tatu likaja bamvua kubwa, yale maji ya mwezi mpevu yanayokuja na kurudi kwa hasira. Mchana, watu wanaangalia, bahari ikaanza kuinua mawe ya Mwanatumu. Jiwe likabingirika. La pili likabingirika. Kumbi moja likatoka likaelea, kama kichwa cha kasa. La pili. La tano. La ishirini!

Mwanatumu akakimbia na nguo zake akaingia majini, akajilaza juu ya shimo, kifudifudi, mikono ameitandaza. Wimbi likampita juu. Akatoa kichwa, akavuta pumzi. Wimbi jingine.

"Mwanatumu, toka!" Ami yake anapiga kelele kutoka ufukoni. "Utakufa kwa ajili ya makumbi?"

"Siyo makumbi, ami! Ni mtepe!"

Zuena akasema, "Jamani, mwanamke huyu ni kichaa," akajifunga kitambaa kiunoni, akaenda akajilaza kando yake. Akafuata yule bibi asiyeona vizuri, akakaa tu juu ya shimo kwa uzito wake wote, na alikuwa nao uzito. Wakabaki pale mpaka maji yakachoka. Nusu ya makumbi ilikwenda na bahari. Nusu ikabaki.

Walipokuwa wanatema maji ya chumvi, kivuli kirefu kikasimama juu yao. Bi Mize.

"Mawe yako umeyasimamisha kama mtu anayepanga vyungu jikoni," akasema. Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu siku ile. Akainama, akashika jiwe bapa. "Jiwe halikai wima. Kichwa chake bara, mguu wake baharini, na kila moja lilale juu ya mguu wa mwenzake. Hivi. Wimbi likija linalisukuma ndani badala ya kuling'oa. Nyumba yetu ndivyo tunavyolaza. Wengine hapa hawajui."

Akalaza mawe matatu, akajipangusa mikono, akaondoka. La nne mpaka la thelathini aliyalaza Mwanatumu. Kichwa bara, mguu baharini. Kichwa bara, mguu baharini.

— Kichwa bara, mguu baharini!

Na kila bamvua alishuka akayakagua, yake kwanza, halafu ya mashimo yote kumi na saba, bila kuambiwa, maana jiwe lililokaa vibaya lilimnyima usingizi hata kama si lake. Wanawake wakaona. Mwezi wa tano salamu zikarudi, na maneno ya kisimani yakarudi, na siku moja wakamsengenya mtu mbele yake. Mwanamke akisengenya mbele yako ujue umekuwa wa nyumbani.

Mwezi wa sita ukatimia. Mwanatumu na Zuena wakashuka na majembe, wakafungua shimo. Makumbi yalikuwa tayari, meusi, laini, yananuka hadi Zuena akafunga pua. Mwanatumu akahesabu. Mia na arobaini na nane. Akahesabu tena. Akakaa chini topeni.

"Yanatoa pima mia tatu," akasema. "Nusu ya mtepe. Nusu ya mtepe haielei, Zuena."

Zuena akainama. Akachokoa tope kwa jembe. Ko! Jembe likagonga.

"Ule mwamba wako."

Mwanatumu akautazama ule mwamba. Akapiga magoti, akafuta tope kwa kiganja. Jiwe bapa. Kando yake jiwe bapa jingine, limelala juu ya mguu wa mwenzake. Kichwa bara, mguu baharini.

Akarudisha mkono kama aliyegusa moto.

Zuena naye akaingiza vidole katikati ya mawe, akatoa uzi mmoja wa usumba, yaani nyuzi za makumbi. Mrefu, wa dhahabu, laini kama nywele za mtoto. Makumbi yaliyokaa matopeni mwaka na zaidi! "Shoga," akanong'ona, "humu mna mtepe wako mzima. Raya aliwahi kufukia, na hakuna aliyejua. Yachanganye na yako, ponda, sokota. Nani atajua? Makumbi hayana jina."

Wajukuu zangu, siku zilikuwa zimebaki ishirini na mbili. Pale juu ufukoni, kutoka shimoni unamsikia nahodha ananoa shoka. Shii. Shii. Shii. Na kule Shungi, mama yake Mwanatumu anapanda kilima kila asubuhi kutazama kama tanga linakuja. Yote hayo aliyajua. Alisimama pale akayafikiri yote.

"Mawe yana jina," akasema. Akarudisha tope kwa kiganja, akafunika, akapanda mjini.

Bi Mize alikuwa barazani anasuka.

"Mama, chini ya makumbi yangu kuna mawe."

"Pwani yote ina mawe."

"Yamelazwa, mama."

Ukindu ukasimama mkononi. "Yamelazwa vipi?"

"Kichwa bara, mguu baharini."

Bi Mize akaweka mkeka chini. "Siku alipopata homa alitoka pwani," akasema, kama anazungumza na mkeka. "Nikamuuliza, ulikwenda kufanya nini na jua lote hili? Akasema, nitakwambia nikipoa." Kisha akamtazama Mwanatumu. "Mangapi?"

"Sijayahesabu, mama."

"Wewe? Wewe hukuhesabu?"

"Hayakuwa yangu kuyahesabu."

Bi Mize akasimama. Akaingia ndani, akatoka na magongo mawili ya kupondea makumbi, moja jeusi kwa kuzeeka, moja jipya kabisa. Wakashuka pwani, na nyuma yao wanawake wakatoka mmoja mmoja milangoni, bila kuitwa, maana tangu Raya azikwe hakuna aliyemwona Bi Mize na gongo.

Akafungua mawe mwenyewe. Kila moja alilinyanyua, akalifuta, akaliweka pembeni. Akatoa kumbi la kwanza, akalikumbatia kifuani, na matope yakamwingia kanzuni. Halafu akavuta pumzi.

"Kila shimo lina chombo chake," akasema kwa sauti ya kusikika safu nzima. "Baba yake Raya alizama na chombo chetu. Mwanangu alifukia makumbi, na nyumba yetu haina hata ngalawa. Sijui alikuwa anayafukia kwa ajili ya chombo gani. Mimi sasa nasema. Ni kile pale, kilicholala." Akamtupia Mwanatumu gongo jipya. "Hili lilikuwa lake. Hajalitumia hata mara moja. Shika! Unangoja nini? Si zimebaki siku ishirini na mbili tu?"

Pu! Pu! Pu! Pigeni nanyi makofi magotini.

— Pu! Pu! Pu!

Wakaponda. Zuena akaponda, na bibi asiyeona vizuri akaponda, mara kumbi, mara mchanga. Wanawake kumi na saba wakakaa wakasokota kwa viganja, na Mwanatumu anapita nyuma yao anasema, "Hapa uzi umekuwa mnene, mama, samahani, hapa umekuwa mwembamba." "Lo, kasimamizi haka!" wakasema. Wakafumua, wakasokota tena.

Mwezi wa saba ukaisha mishono sitini ikiwa bado. Asubuhi yake nahodha Shekuwe akaja na shoka begani. Akamkuta Bi Mize amekaa chini ya tumbo la mtepe, sindano ya mti mkononi, anashona mkuku.

"Mama, nipishe. Siku zimekwisha. Nilitoa neno langu."

"Ulitoa neno ukimwambia nani?"

"Mwana wa ndugu yangu."

"Mwana wa ndugu yako yuko upande wa pili anavuta kamba. Mimi hukuniambia. Weka shoka chini, baba, kisha ushike hapa, una mikono minene, itafaa kukaza."

Shekuwe akamtazama mama yule. Akawatazama mabaharia wake, ambao wote walikuwa wameinamia kamba na hakuna aliyetaka kuinua macho. Akaweka shoka. Akakaza. Na kila kamba iliyokazwa siku ile aliikaza yeye, na jioni alikuwa anawafokea watu eti wanashona polepole.

Siku ya tatu mtepe ukaelea. Kwii, kwii, kwii!

— Kwii, kwii, kwii!

Mwanatumu akashuka tumboni, akapitisha kidole. Elfu moja mia mbili na sita. Akahesabu tena. Pakavu. Kamba ilibaki pima nane.

Akatoka kumrudishia Bi Mize gongo na kamba. Bi Mize akapokea kamba, gongo akalisukuma. "Kaa nalo. Na nikwambie jambo, Mwanatumu. Mkuku nimeushona kwa fundo la nyumba yetu. Hakuna mkono wa Shungi utakaolifungua. Na mishono haidumu zaidi ya mwaka, hilo unalijua kuliko mimi."

"Kwa hiyo mwakani..."

"Kwa hiyo mwakani uje, nikufungulie. Na usije mikono mitupu, utahitaji kamba."

"Makumbi nimekwisha kufukia, mama. Jana. Mia tatu na hamsini."

"Umefukia wapi?"

"Mahali pangu, kati ya la tisa na la kumi." Kisha akashtuka, akasema haraka, "Safari hii nilimuuliza Zuena kwanza!"

Hapo Bi Mize alicheka. Zuena alisema hajawahi kukisikia kicheko kile tangu Raya afe, na watu wakatoka nje kuangalia ni nani.

Mtepe ukaenda Shungi na mtama wake. Mama yake Mwanatumu alipouona mkeka wa tanga kutoka kilimani alishuka mbio kama msichana. Na mwakani mtepe ukarudi Mafumbini, na mwaka uliofuata, na uliofuata. Kila mwaka Bi Mize anafungua fundo, anashona, anafunga fundo lile lile, mpaka siku ambayo macho yalimwishia, akamfundisha Mwanatumu kulifunga. Mafumbini pwani ile waliiacha safu na uwazi mwingine mmoja, baina ya la kumi na tatu na la kumi na nne. Ukiuliza ni wa nani aliyekufa, wanakujibu, huo si wa maiti, huo ni wa mgeni.

Basi nimesema nini, wajukuu zangu? Nimesema ukifika kwa watu, uliza kabla ya kuchimba. Ukiwa umekwisha chimba, usikimbie. Kaa hapo hapo ulipokosea, ufanye kazi, usalimie hata usipoitikiwa. Na ukikuta kilichofichwa ambacho si chako, hata kikiwa ndicho hasa unachokihitaji, kifunike, ukamwite mwenyewe.

Hadithi yangu nimeishona, mshono wa mwisho nimeukaza. Ikivuja, njooni mwakani niikaze upya. Mpo, hampo?

— Tupo!

Basi kalaleni.